Kaskazini kavu ya Kenya: wanyama wengi wako nje ya geti (uzi wa Samburu, Shaba, Sera na jirani zake)

DerevaWaArcha

Wakuu, habari za majukumu. Kwenye ule uzi wa Mara nimeona watu wanaulizana kama Samburu inafaa, na wengi wanaojibu ni waliopita Archer's Post wamelala ndani ya basi la Moyale. Mimi naendesha watalii kaskazini na nyumbani ni huku huku. Nafungua uzi wake, wenye maswali waulize, wenye kubisha wabishe.

Ramani kwanza. Ukitoka Isiolo unateremka, joto linakupokea, na lami inanyooka hadi Moyale. Hifadhi ziko tatu kando ya mto Ewaso Ng'iro. Samburu iko kaskazini ya mto, kilomita za mraba 165. Buffalo Springs iko ng'ambo ya kusini, 131. Shaba iko mashariki ya barabara kuu, 239. Jumlisha zote hata 600 hufiki, wakati Serengeti peke yake inakaribia 15,000. Samburu inasimamiwa na kaunti ya Samburu na hizo mbili na kaunti ya Isiolo. Si za KWS, shirika la wanyamapori la taifa, kama Tsavo na Meru, kwa hiyo usishangae ukikuta utaratibu wa kulipa ni tofauti na ule uliouzoea.

Hapo ndipo nataka tuanzie. Mtu akisikia "hifadhi" anawaza Nakuru: uzio, wanyama ndani, watu nje. Huku hakuna uzio. Ndovu uliyempiga picha leo Buffalo Springs anavuka mto usiku, na baada ya siku kadhaa yuko miteremko ya milima ya Mathews au amepanda Laikipia. Hesabu ya ndege ya mwaka 2017, kwa eneo lote la Laikipia, Samburu, Marsabit na Meru, ilipata ndovu zaidi ya 7,000. Hao hawatoshi kwenye hizo kilomita zetu. Wanalala kwa wafugaji, wanakula kwa wafugaji, na wakati wa kiangazi wanasubiri zamu kwenye kisima kilekile wanachonyweshea ngamia. Hifadhi zenyewe ni mahali pa kunywa maji na kupumzika. Wanyama wa kaskazini wanafugwa na uvumilivu wa watu wasio na geti.

Wa kuja kuona sasa. Kuna watano ambao Mara huwapati: punda milia wa Grevy, twiga wa kaskazini mwenye mabaka makubwa yaliyotenganishwa na mistari myeupe, choroa, swala twiga, na mbuni wa Kisomali ambaye dume lake lina shingo na mapaja ya rangi ya samawati. Swala twiga ndiye kipenzi changu. Anasimama kwa miguu ya nyuma, wima kabisa, anakula majani ambayo mbuzi hayafikii, na maji ya kunywa hayamshughulishi sana, anatosheka na umande na unyevu wa majani. Kama Mungu alitaka kutuonyesha mnyama wa nchi kavu anavyopaswa kuwa, ni huyu.

Miezi mizuri ni Julai hadi Oktoba, na Januari na Februari. Kukiwa kukavu, kila kitu kinasogea mtoni na hata dereva mvivu anaonekana hodari.

Karibuni.

KidoleJuu

Nimekaa mbele kabisa. Mkuu, simba vipi? Nikilipa hela yangu nataka simba.

DerevaWaArcha

Wapo, ila hawajipangi barabarani kama wa Mara. Wanaishi kwa makundi madogo, wengine wanazunguka peke yao, na mchana wanajificha kwenye vichaka vya mswaki kando ya mto. Chui pia wapo, na wageni wengi wanamwona chui Samburu kabla ya simba.

Simba maarufu kuliko wote huku alikuwa jike aliyepewa jina Kamunyak. Mwaka 2002 dunia nzima ilimzungumzia kwa sababu alimchukua ndama wa choroa akawa anatembea naye na kulala naye kama mwanawe. Simba dume akaja akamla yule ndama. Kamunyak akachukua mwingine, na baadaye wengine tena. Hakuna aliyewahi kutoa maelezo yakaniridhisha, na mimi sitajaribu.

MpareWaSame

Salamu kutoka Same, Kilimanjaro. Nimesoma nikacheka, maana hawa wanyama unaowaita wa kaskazini sisi tunao nyuma ya nyumba. Hifadhi ya Mkomazi ina choroa, ina swala twiga, ina tandala mdogo, na iko kwenye kivuli cha mvua cha milima ya Pare na Usambara, kwa hiyo ni kavu hivyo hivyo. Inapakana na Tsavo West, tembo wanavuka mpaka bila pasipoti kulingana na mvua. Kilomita za mraba zinazidi 3,200. Watalii wanaipita kwa kasi wakielekea Arusha.

Lakini hilo la "kufugwa na uvumilivu wa watu" linanisumbua. Kwetu njia ilikuwa nyingine. Lilikuwa pori la akiba tangu 1951, wafugaji walikuwemo, na mwaka 1988 waliondolewa. Walikwenda mahakamani, kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Rufani mwaka 1999, na hawakurudi. Mwaka 1989 serikali ikamleta Tony Fitzjohn, yule Mwingereza aliyekuwa na George Adamson, mlezi wa simba, kule Kora kwenu. Barabara zikachongwa, mabwawa yakachimbwa, ikajengwa ngome ya faru weusi yenye uzio wa umeme. Faru wanne waliletwa kutoka Addo, Afrika Kusini, mwaka 1997, wanne tena 2001, watatu kutoka Dvůr Králové kule Czech mwaka 2009, na watatu kutoka Port Lympne, Uingereza, mwaka 2012. Siku hizi hata mtalii wa kawaida anapelekwa kuwaona.

Kwa hiyo swali langu ni hili, bila ushabiki: kama faru wa Mkomazi wapo leo, si ni kwa sababu watu hawapo? Nauliza kama mtu ambaye shangazi zake wana ng'ombe na wanajua kabisa mpaka wa hifadhi uko wapi, hasa usiku.

DerevaWaArcha

Mkuu Mpare, hoja nzito, na hilo la usiku nimelielewa.

Faru ni habari ya peke yake. Pembe yake inauzwa bei ambayo hakuna mnyama mwingine wa kulinganisha naye. Kenya ilikuwa na faru weusi wapatao 20,000 mwaka 1970, na kufika mwishoni mwa miaka ya 80 hawakufika 400. Hao hawakuliwa na ukame wala hawakufukuzwa na ng'ombe, waliuawa kwa bunduki. Na walikufa ndani ya mbuga za taifa pia. Tsavo ilikuwa na maelfu na ni mbuga isiyo na mfugaji kwa sheria. Kumwondoa mfugaji hakukumwokoa faru hata mmoja wakati ule.

Sasa angalia Sera, kaskazini ya Shaba. Ni ardhi ya jamii ya Wasamburu na jirani zao. Mwaka 2015 walipelekwa faru weusi 10 kutoka Nakuru, Nairobi na hifadhi ya Lewa, mahali ambapo faru hakuwa ameonekana kwa miaka 25 hivi. Nao wako ndani ya uzio, sikatai. Lakini uzio ni wa jamii, walinzi ni vijana wa manyatta za pale, na ng'ombe wanalisha nje ya ule uzio kila siku. Mgeni anawafuata faru kwa miguu akiongozwa na renja mwenye kipokezi cha redio. Ukimfikia faru mweusi kwa miguu, upepo ukiwa usoni kwako, utasahau gari lipo.

Uzio unaweza kumlinda faru. Punda milia wa Grevy huwezi kumwekea uzio, atakufa njaa ndani yake.

HesabuNaPicha

Hapo kwa Grevy nisimame kidogo, maana nimeshiriki kuwahesabu.

Miaka ya 70 mwishoni walikadiriwa kuwa 15,000 hivi. Leo dunia nzima wanabaki kama 3,000, na zaidi ya tisa katika kila kumi wako Kenya, waliobaki Ethiopia. Somalia walishatoweka. Jina lenyewe ni la rais wa Ufaransa, Jules Grévy, aliyetumiwa mnyama huyo na mfalme Menelik wa Shoa mwaka 1882. Basi punda wa kwetu akabatizwa kwa jina la mtu ambaye hajawahi hata kuonja vumbi la Wamba.

Kuwahesabu ni kazi ya kupendeza. Tangu 2016 kumekuwa na zoezi la wananchi: wanafunzi, wafugaji, renja, familia kutoka Nairobi, kila gari linapewa eneo na kamera yenye GPS. Unapiga picha ubavu wa kulia tu. Wa kulia, kwa sababu mistari ya kushoto haifanani na ya kulia, na mkichanganya mtamhesabu mmoja mara mbili. Kompyuta inasoma mistari na kumtambua kila mmoja. Hesabu ya 2018 ilitoa 2,812 kwa Kenya.

Sasa kwa nini uzio haumfai. Jike akinyonyesha hawezi kukaa siku nyingi bila maji, tofauti na dume au jike lisilo na mtoto ambalo linavumilia hata siku tano. Lakini karibu na maji nyasi zimeisha, ng'ombe na mbuzi wamemaliza. Basi anamwacha mtoto mahali, mara nyingi watoto kadhaa wakiangaliwa na mmoja mkubwa, anakwenda kunywa kilomita nyingi na kurudi. Mchana kisima kina mifugo na mbwa na watu, kwa hiyo anakunywa usiku, na usiku pale kisimani kuna simba na fisi. Wafugaji wakifunga kisima kwa miiba jioni ili maji yasichafuliwe, punda anarudi bila kunywa. Ndio maana kazi kubwa ya uhifadhi wake ni mazungumzo na wazee: acheni sehemu moja wazi, msilale na mifugo pale pale kisimani. Hakuna bunduki katika hiyo kazi.

LmurraniMstaafu

Naongeza kuhusu visima, nimezaliwa navyo.

Kiangazi kikikaza, maji yako chini ya mchanga wa laga, yaani mto mkavu. Tunachimba kwa mikono. Kisima kinaweza kuwa na vijana watatu wanne wamesimama mmoja juu ya mwingine wakipitishiana ndoo, na wanaimba ili mikono iende pamoja. Kila ukoo una wimbo wake na ng'ombe wanaujua. Wakiusikia wanakuja peke yao, na wa ukoo mwingine hawaji. Wageni wanapenda sana kuona, na kempu nzuri zinawaambia wasipige picha pale. Wanaume wako uchi kule chini, na maji si maonyesho.

Usiku ndovu naye anakuja. Ndama akiteleza akaingia hatoki. Zamani mtu akimkuta asubuhi alimwacha, au ilikuwa vurugu na mama yake. Tangu 2016 kuna Reteti, iko Namunyak, hifadhi ya jamii yetu chini ya milima, makao ya ndovu yatima yanayomilikiwa na jamii yenyewe, ya kwanza ya namna hiyo Afrika. Unapiga simu wanakuja. Kwanza wanajaribu kumrudisha kwa kundi lake, ikishindikana ndiyo wanamlea. Wengine wakikua wanarudishwa porini, Sera.

Na maziwa! Mwanzo ndama walilishwa maziwa ya unga ya watoto, yaliyonunuliwa mbali. Baadaye wakajaribu ya mbuzi na yakawakubali vizuri zaidi. Sasa akina mama wa huku wanawauzia maziwa ya mbuzi. Mama yangu mdogo ambaye maisha yake yote amemwita ndovu adui wa maji, siku hizi anauliza kama ndama wamekunywa. Hela imemfanya mpole, na mimi sioni ubaya wowote.

SwaliTu

Usalama jamani. Kila nikitaja Isiolo nyumbani wanasema nitauawa na wezi wa mifugo.

DerevaWaArcha

Wizi wa mifugo upo, hasa sehemu za mpakani mwa jamii, na unazidi kiangazi kikivuta au siasa ikichemka. Sitakuambia haupo. Lakini kempu, madereva na renja wanazungumza kwa redio na simu kila asubuhi, na njia ikiwa na tatizo hatuipiti. Lami ya Isiolo hadi Archer's Post ina magari muda wote. Usisafiri usiku, na ukitaka kwenda mbali, Baragoi au Suguta, usiende kwa kusoma ramani ya simu peke yake. Mtafute mtu wa pale pale.

Hatari ninayokumbana nayo mimi mara nyingi ni mto. Machi 2010 maji yalishuka kutoka juu alfajiri, huku kwenyewe hakukuwa na mvua ya kutisha, yakabeba loji na kempu kadhaa za Samburu. Wageni wengine waliokolewa juu ya miti na mapaa. Ukikuta kempu imejengwa kwenye ukingo kabisa, uliza walikuwa wapi mwaka huo.

KuraYaBulesa

Nimesoma kimya kimya, sasa niseme kitu ambacho uzi huu unakizunguka.

Mmesifu hifadhi za jamii. Mimi ni Mborana wa Isiolo. Mnaposema "jamii" ni nani? Kwetu wafugaji walikuwa na utaratibu wa malisho kabla ya neno konsavansi, hizo mnazoita hifadhi za jamii: dedha, wazee wa nyasi, huku kiangazi, kule masika, na ukikosea unatozwa faini ya ng'ombe. Likaja shirika, likaundwa bodi, likapewa magari, renja wenye silaha wakaanza kumwambia mzee wapi asilishe. Bodi ilichaguliwa kwa mkutano gani? Nani alipigiwa kura?

Na si maneno ya kijiweni. Januari 2025 mahakama ya mazingira na ardhi iliamua kwamba konsavansi mbili za Isiolo, Biliqo Bulesa na Cherab, zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, na ikaagiza renja waondoke. Biliqo Bulesa ilikuwa pia ndani ya mradi wa kaboni wa NRT (Northern Rangelands Trust, shirika lenyewe ninalolisema), ulioanza 2013: malisho yanapangwa, udongo unahifadhi kaboni, kampuni za nje zinanunua hati. Uliza mama wa Merti, huko huko Isiolo, kama anajua kaboni yake iliuzwa bei gani.

Watalii wanapiga picha, sawa. Lakini ardhi ni yetu kwa sheria ya ardhi ya jamii ya 2016, na ardhi nyingi bado haijasajiliwa. Mpaka hati itoke, kila mtu anasaini kwa niaba yetu.

MpareWaSame

Hapa sasa. Nimepata jibu langu kutoka upande ambao sikutarajia.

LmurraniMstaafu

Ndugu KuraYaBulesa, kwetu Namunyak mambo hayakwenda hivyo. Ilianza 1995, wazee wenyewe walikaa chini ya mti na majirani wa Lewa, na mapato ya kempu yamesomesha watoto ninaowajua. Usitupake rangi moja.

Lakini sikukatalii la bodi. Hata kwetu kuna mwenyekiti aliyekaa mpaka kiti kikachoka.

KuraYaBulesa

Sikupaka rangi moja, mzee wangu. Nimetaja mbili na mahakama imezitaja hizo hizo.

DerevaWaArcha

Wote wawili mna haki, na mimi nakula kwa kazi hii kwa hiyo mnisikilize mkijua hivyo. Hoja yangu ya mwanzo inasimama hata upande wa KuraYaBulesa. Kama wanyama wanaishi kwa wafugaji, basi anayepanga malisho ndiye anayepanga wanyama. Ukimnyang'anya mzee wa dedha mamlaka na kumpa ofisa mwenye gari, umebomoa kile kilichowaweka choroa na Grevy hai miaka yote ambayo hakukuwa na renja wala kempu. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inatambua hifadhi za jamii, lakini haimwambii mtu awe mkubwa kuliko mkutano wa wenye nyasi.

Kampuni moja niliyoifanyia kazi zamani ilikuwa ikiwaambia wageni kwamba ada yao "inakwenda kwa jamii". Nikiwa nyuma ya usukani nilikuwa najua jamii inayotajwa ni watu wawili. Siku hizi nawaambia wageni wangu waulize.

HesabuNaPicha

Tusisahau ukame, maana ndio uliopima maneno yote haya. Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano mfululizo ya mvua ilipita bila kitu. Ripoti ya serikali ya Novemba 2022, kwa miezi ya Februari hadi Oktoba tu: ndovu 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, twiga 12, na Grevy 49. Hao ni wale mizoga yao ilionekana. Mtu akisema Grevy 49 ni wachache, akumbuke wamebaki 3,000.

Watu wanaowahifadhi Grevy walisambaza nyasi kavu, marobota kwa marobota. Kuna waliosema ni kuharibu asili, mnyama akifa afe. Mimi nasema asili gani? Mto umenyonywa juu, malisho yamekatwa na barabara na vijiji, halafu nyasi ya kununua ndiyo iwe dhambi?

KidoleJuu

Mto umenyonywa na nani?

HesabuNaPicha

Ewaso Ng'iro inaanzia mlima Kenya na Aberdare. Inapita mashamba ya Timau, Nanyuki na Laikipia, maua, mboga za kusafirisha nje, ngano, na miji inayokua. Kila mtu ana pampu, wenye kibali na wasio nacho. Kiangazi sehemu za chini zinakauka kabisa, mchanga mtupu kutoka Archer's Post kwenda Merti. Hapo ndovu wanachimba mchanga kwa mguu na mkonga, na wengine wote wanasubiri nyuma yao. Mto unaishia bwawa la Lorian, ukifika.

SwaliTu

Na ndovu akiua mtu? Nilisikia kuna fidia.

LmurraniMstaafu

Iko kwenye sheria ile ya 2013: milioni 5 kifo, milioni 3 ulemavu wa kudumu. Kuipata ni kazi nyingine. Fomu, polisi, daktari, kamati ya kaunti, halafu kusubiri. Binamu yangu alipigwa na ndovu mwanawe akiwa darasa la kwanza, na mtoto amefika sekondari. Mbuzi aliyeliwa na chui ndiyo usiseme.

Ndiyo maana nawapenda wale wanaokaa na vijana kabla ya tatizo. Ewaso Lions walianza 2007, na baadaye wakawachukua lmurran, vijana wapiganaji wetu, wale wale ambao kazi yao ilikuwa kumfuata simba na mkuki, wakawapa kazi ya kumfuata kwa GPS na kuwaambia wachungaji leo msilishe upande ule. Lmurrani anapenda kuheshimiwa. Mpe heshima kwa kumjua simba, si lazima umpe kwa kumuua. Pia boma la miiba likisukwa vizuri, simba anaondoka. Mbuzi wengi wanaoliwa ni wale waliopotea jioni mtoto akicheza.

MamaLulu_Likoni

Jamani mimi sina makubwa. Nataka kuwaleta wanangu wawili likizo ya Agosti kutoka Mombasa, hela ya loji sina. Inawezekana?

DerevaWaArcha

Inawezekana sana mama, karibu. Panda gari la Nairobi, kisha matatu ya Isiolo, mpite Nanyuki ambapo watoto wataona mlima kama hakuna mawingu. Lala Isiolo au Archer's Post, kuna vyumba vya bei ya kawaida. Kodi gari lenye dereva wa pale, gawaneni gharama na familia nyingine. Mwenyeji analipa ada ndogo kuliko mgeni, ila beba vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Ingieni alfajiri geti likifunguliwa, tokeni saa nne kabla jua halijawapika, rudini saa kumi. Mkitaka kulala hemani kuna viwanja vya kambi kando ya mto, lakini tumbili na nyani wa huko wanafungua zipu, nawaapia. Chakula kiwe ndani ya gari. Watoto wasikaribie maji, mamba wa Ewaso hawana mchezo.

Na kofia, na maji mara mbili ya unavyofikiri.

MpareWaSame

Mama Lulu, ukitoka Mombasa, Mkomazi ni karibu zaidi kupitia Taveta au Horohoro. Natangaza biashara ya nyumbani, samahani mwenye uzi.

DerevaWaArcha

Haaa, Mpare umenivizia. Sawa, aende kote kuwili.

MamaLulu_Likoni

Asanteni. Na hilo la kuuliza hela inakwenda wapi, mimi mtu wa kawaida niulizeje bila kuonekana mjuaji?

DerevaWaArcha

Uliza kabla ya kulipa, si baada. Ndani ya hifadhi za kaunti utapewa risiti ya kaunti, hiyo ishike. Ukienda Sera, Namunyak au kwingine kwenye ardhi ya jamii, muulize mwenye kempu mambo mawili tu: ada ya jamii ni shilingi ngapi kwa kila mgeni kwa usiku mmoja, na inaingia akaunti ya nani. Kempu inayofanya kazi vizuri inakujibu papo hapo, tena kwa fahari, na wengine watakuonyesha zahanati au darasa lililojengwa. Akianza kukuambia habari za ndovu, umeshapata jibu.

KuraYaBulesa

Na kama wanangu wa Merti wako karibu, waulize na wao, halafu uje kuandika hapa majibu yote mawili.